Fulana Isiyo na Tundu

Landrova ilirudi kinyumenyume hadi mlangoni pa chumba cha maiti, ikaigonga ndoo iliyokuwa kizingitini, maji yakamwagika yote. Ndalahwa aliyatazama yakitiririka kuelekea mtaroni. Bomba la hospitali lilikuwa limekauka tangu juzi, na ndoo ile alikuwa ameiteka ziwani mwenyewe alfajiri, akaipandisha kilima kwa kichwa, kupita katikati ya majabali, yeye mtu wa miaka arobaini na minane.

Mgambo wawili waliruka chini. Hawakusalimia.

"Pokea," mmoja alisema.

Maiti ilikuwa ya kijana mwembamba, lakini walihitaji kuwa watatu kuiinua, kwa sababu ya kile alichovaa. Ndalahwa alikuwa amesikia habari za fulana hizo, hajapata kuiona hata moja. Zililetwa sita kwa ajili ya kikosi kilichokuwa kikiwasaka wezi wa ng'ombe wenye bunduki. Nje turubai la kaki, ndani bamba la chuma la kukinga kifua, na mgongoni mikanda tu yenye vifungo vya bati. Walipoilaza maiti juu ya meza ya saruji, chuma kiligonga, na mlio wake ukajaa chumba.

Kiongozi wao alishuka mwisho. Alikuwa Chenge, kamanda wa kikosi, mtu wa sauti ya chini ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. Aliingia akiwa ameshika kofia yake mkononi, akasimama mbali kidogo na meza.

"Ndugu mzee," alisema, "daktari amkute akiwa hivi hivi. Asifunguliwe hata kifungo kimoja mpaka daktari amwone."

"Ndiyo, kamanda."

"Wezi wa ng'ombe wamempiga risasi. Isebanda, jana asubuhi. Amekufa kishujaa, akiwa kazini. Anaitwa Mhoja."

Kisha akatoka kwenda kukaa kwenye kivuli cha gari.

Ndalahwa alibaki peke yake na marehemu, na hapo ndipo alipoanza kuona mashaka. Kwa miaka kumi na minane aliyofanya kazi katika chumba kile, askari waliomleta mwenzao walianza kwa kumvua. Mkanda, viatu, kofia, chochote chenye namba ya serikali, walichukua kwanza, ndipo wakakuachia mtu. Leo wameacha kifaa cha thamani kuliko vyote na wanataka kionekane. Akainama kutazama vifungo. Mkanda wa ubavuni ulikuwa umepita juu ya mkono wa shati na kuukunja vibaya, na kola ilikuwa imeviringika ndani, upande mmoja tu. Kijana yule alionekana kama mtoto aliyevikwa nguo akiwa amelala.

Hakugusa kitu. Alikwenda kumwita daktari.

Daktari Severine Mutayoba alikuwa kijana wa Kihaya, ana miaka miwili tu tangu amalize Chuo Kikuu, na kila alipomwona Ndalahwa, hata kama ni mara ya kwanza saa nane mchana, alimpa shikamoo yake kamili. Ndalahwa alimpenda kwa hilo. Alimpenda pia kwa sababu madaktari waliotangulia walisimama mlangoni na leso puani wakisubiri kuambiwa, ila huyu alikuja hadi mezani.

"Karani yuko wapi?" daktari aliuliza alipofika.

"Amekwenda msibani Magu."

"Basi utaandika wewe, mzee. Si una cheti cha kisomo?"

Anacho. Alikipata mwaka uliopita, baada ya miaka mitatu ya kukaa jioni katika dawati la watoto pale shule ya Buzuruga, magoti yakigusa kidevu. Alifungua daftari, akalamba ncha ya kalamu kama walivyofanya wazee wenzake darasani, akaandika tarehe: 16 Oktoba 1974.

Daktari hakuanza na mwili. Alizunguka meza mara mbili mikono ikiwa nyuma. "Mtu aliyepigwa risasi akiwa amevaa kinga," alisema, "unamsoma kuanzia nje. Kwanza chuma, halafu nguo, halafu ngozi. Risasi ikipita, tabaka zote tatu zitatoa ushahidi wa namna moja. Andika: fulana imefungwa vifungo vyote vinne."

Ndalahwa akaandika. Daktari alipitisha vidole juu ya turubai, kutoka shingoni hadi tumboni, akarudia. Akainama, akasogeza jicho karibu. Kisha akaomba taa ya mkononi ingawa jua lilikuwa linaingia dirishani.

"Andika," akasema, lakini hakusema aandike nini. Alifungua vifungo, wakaiinua fulana pamoja na kuigeuza juu ya meza ya pili. Bamba lilikuwa safi. Palikuwa na mpako mwembamba wa damu mahali pamoja, kama mtu aliyepangusia kidole.

Chini yake, shati lilikuwa limeloa damu na kukauka, gumu kama ngozi iliyoanikwa. Upande wa kushoto, vidole viwili chini ya mfupa wa bega, palikuwa na tundu dogo. Kulizunguka palikuwa peusi.

"Njoo uone, mzee. Nini hiki?"

"Moshi."

"Moshi na punje za baruti. Aliyepiga alikuwa karibu, hatua moja au mbili. Sasa niambie, kama mtu huyu alikuwa amevaa chuma, baruti ilipitaje? Baruti hairuki chuma ikaenda kukaa kwenye shati." Alikata shati kwa mkasi, kwa uangalifu, akalipitia tundu mbali. Tundu la kifuani lilikuwa dogo na safi. Alilichunguza kwa koleo muda mrefu. "Risasi ikipita kwenye bamba, inasukuma vipande vya chuma ndani, na nyuzi za turubai. Jeraha linachanika. Hapa hakuna chuma. Hakuna uzi. Nyuzi ni za shati tu."

Walimgeuza. Mgongoni lilikuwapo tundu la kutokea, kubwa, ambalo Ndalahwa alilifunika kwa kitambaa upesi bila kuambiwa.

"Andika: risasi imepita kifua cha kushoto. Shati limeungua kwa baruti. Fulana haina tundu."

Kalamu ilisimama. "Haina hata mkwaruzo, daktari."

"Andika na hilo."

Akaandika. Ilimchukua muda, na daktari akamsubiri bila kumharakisha. Nje walimsikia Chenge akiongea na dereva wake kuhusu tairi.

"Mzee," daktari alisema polepole, "huyu alivishwa baada ya kufa."

Ndalahwa alifunga daftari. Alikuwa ameshajua tangu alipoiona ile kola. Ila kujua kimoyomoyo na kusikia kikisemwa ni vitu viwili.

Daktari alitoka kwenda kumweleza kamanda. Alikwenda kama mtu anayekwenda kumwambia mwenzake kwamba amesahau kufunga kifungo. Ujana ulimdanganya kwamba ukweli ukisemwa kwa adabu hauna ubaya. Ndalahwa aliwasikia kupitia dirishani.

"Umeangalia vizuri, ndugu daktari?"

"Mara mbili, kamanda. Fulana haina tundu, na jeraha liko mahali ambapo bamba lingelifunika. Kifuani, kushoto."

"Kushoto."

"Ndiyo."

Kisha Chenge akaingia ndani, akaichukua fulana toka mezani, akaitupia begani kwa mkono mmoja kama mtu anayebeba mkeka, akaenda nayo nyuma ya hospitali kwenye majabali. Mgambo mmoja alimfuata na bunduki.

Ulisikika mlio mmoja tu. Makorongo waliokuwa wamejipanga juu ya jaa waliruka wote kwa pamoja, na katika wadi ya wanaume wagonjwa wawili wakajikokota hadi dirishani. Ilikuwa saa tano unusu asubuhi, jua kali, ziwa limetulia kule chini, na mtumbwi wenye shehena ya ndizi ukiingia mjini.

Chenge alirudi akaiweka fulana juu ya meza mbele ya daktari. Kwenye turubai sasa palikuwa na tundu, na ukingo wake ulikuwa bado unafuka.

"Tazama tena."

Daktari alitazama. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Kamanda, tundu hili liko kulia."

"Ulisema kushoto, nikapiga kushoto."

"Kushoto kwako wewe uliyekuwa unaitazama. Kwa aliyevaa ni kulia."

Kwa mara ya kwanza Chenge alionekana kufikiri. Aliitazama fulana, akamtazama marehemu, akaitazama tena fulana. Ndalahwa alikuwa amesimama ukutani, daftari amelikumbatia, na alijiona akitamani kucheka, kicheko kibaya ambacho kama kingemtoka kisingerudi.

"Basi andika kifuani," Chenge alisema. "Kifua ni kimoja."

"Siwezi kuandika hivyo."

"Ndugu daktari, wewe ni mtu wa Bukoba, sivyo? Kwenu huko kahawa inavushwa sana kwenda ng'ambo. Magendo matupu. Nimeambiwa shemeji yako Kahigwa ana mtumbwi mzuri wa mashine." Alisema haya kwa upole, akipangusa vumbi kwenye ukingo wa meza kwa kofia yake. "Mimi sijamuuliza mtu yeyote anapakia nini. Taifa liko katika operesheni. Watu wanahamia vijijini waishi pamoja, wapate shule, wapate maji. Kuna wachache wanaopinga. Wamemuua kijana wetu. Ukiandika vingine, unawasaidia nani?"

Chenge alisubiri kidogo, akavaa kofia, akatoka.

Alasiri ile fomu ilipigwa taipu ofisini kwa mganga mkuu. Daktari alirudi chumba cha maiti mara moja tu, akasimama mlangoni, mahali waliposimama wale waliomtangulia.

"Ule ukurasa uliouandika," alisema bila kumtazama. "Uchane."

"Ndiyo, daktari."

Ndalahwa aliuchana kutoka kwenye daftari, taratibu, usipasuke. Daktari alipokwisha kuondoka aliukunja mara nne akautia mfukoni. Shati lenye tundu, lililotupwa kwenye pipa la vitambaa vya kuchomwa moto, alilitoa akalifungia ndani ya gazeti. Hakujiuliza kwa nini. Mikono ilifanya tu.

Mama wa marehemu alifika kesho yake kwa lori la pamba, pamoja na wanawake wawili wa Isebanda. Aliitwa Suzana. Alikuwa mrefu, amejifunga khanga mbili zilizonuka moshi, na nyusi zake zilikuwa zimeungua.

"Mwangaluka, baba," alimsalimia Ndalahwa kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Pole sana, mama yangu."

"Nimekuja kumwosha mwanangu."

"Nimeshamwosha, mayu."

"Basi nioneshe ulivyomwosha."

Alimfunulia. Suzana hakulia. Alipitisha kiganja juu ya kifua cha mwanawe hadi kilipofika kwenye tundu, kikakaa hapo. Wale wanawake wawili walibaki nje, wamekaa chini wakiegemea ukuta.

"Walikuja na viberiti," Suzana alisema. "Tulikuwa tumeambiwa tuhame kabla ya mvua, twende kule barabarani walikopima viwanja. Tukasema tutahama tukishavuna mtama. Walipokuja, kamanda alimwambia Mhoja aanze na nyumba yangu. Alimchagua yeye makusudi, ili wengine waone. Mimi nilikuwa ndani natoa mtama. Nikamwona mlangoni. Alijifungua lile dude la chuma, kifungo kimoja kimoja, akaliweka chini taratibu kama mtu anayetua mtungi. Akasema, 'Kamanda, humu yumo mama yangu.' Basi. Hakusema jingine."

"Na kamanda?"

"Kamanda hakusema kitu. Alifyatua."

Alimfunika mwanawe mwenyewe, akachomeka shuka chini ya mabega yake.

"Halafu waliteketeza zote. Baba yake mdogo, Malimi, alijaribu kumvuta Mhoja asiungue, wakamkamata. Na wanaume wengine watatu. Jana katibu wa chama ametutangazia kwamba hao wanne ndio wezi wa ng'ombe, na ndio waliomuua Mhoja. Watanyongwa, baba. Malimi ndiye aliyemfundisha mtoto huyu kutembea, baba yake alipokufa." Aligeuka akamtazama Ndalahwa usoni, na yeye akatazama sakafu. "Wewe umemwona. Alikufa amevaa chuma au hakuvaa?"

"Mayu, mimi naosha tu."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Wanaosema nimeshawasikia."

Ndalahwa alimsaidia kubeba maiti hadi kwenye lori, akasimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Miezi mitatu alikaa na shati lile ndani ya gunia la mahindi, chini ya kitanda. Mkewe Getruda aliligundua wiki ya pili. Alilishika kwa ncha za vidole, akaliangalia lile tundu, akalirudisha palepale.

"Ukilitoa hili shati," alisema, "umetutoa na sisi."

"Najua."

"Watoto watano, Ndalahwa."

"Najua idadi yao."

Hakumlaumu. Mwenyewe alikuwa akijiambia hivyo hivyo kila alipopanda kilima na ndoo. Daktari Mutayoba alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine kabla ya Krismasi, amepandishwa cheo, na siku ya kuondoka alipita mbele ya chumba cha maiti bila kuingia. Mwezi wa Januari ndipo karatasi ya mahakama ilipomjia Ndalahwa. Alitakiwa kama shahidi wa upande wa serikali, athibitishe kwamba alipokea maiti. Jambo la dakika mbili, karani alimwambia. Utasema ndiyo, utarudi kazini.

Aliamka mapema, akanyoa, akavaa koti lake la harusi. Getruda alikuwa amekaa kitandani. Alimwona akiinama kwenye gunia, akageuza uso ukutani.

Mahakama ilikuwa imejaa. Wale wanne walikaa kwenye benchi moja, wamekonda, na Ndalahwa alimtambua Malimi kwa makovu ya moto mikononi. Chenge alikuwa mstari wa mbele, kofia magotini. Fulana ilikuwa juu ya meza ya hakimu, imefungwa kikaratasi chenye namba.

Mwendesha mashtaka alikuwa inspekta kijana mwenye haraka.

"Ndugu shahidi, tarehe kumi na sita Oktoba ulipokea maiti ya Mhoja?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa imevaa fulana hii?"

"Ndiyo."

"Inatosha. Unaweza kushuka."

Ndalahwa hakushuka. Alishika ule mti wa kizimba kwa mikono miwili. "Haitoshi, mheshimiwa."

Hakimu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliinua kichwa.

"Ilikuwa imevaa," Ndalahwa alisema, "lakini ilivishwa. Siku ile fulana haikuwa na tundu. Tundu hilo lilipigwa nyuma ya hospitali, mimi nikisikia, wagonjwa wakisikia. Shati lake ni hili hapa. Limeungua kwa baruti. Na haya ndiyo aliyoyasema daktari, niliyaandika mimi."

Kukawa na mvumo. Inspekta aliichukua karatasi kabla haijafika kwa hakimu, akaifungua, akaitazama, na uso wake uliokuwa umeingia wasiwasi ukalegea.

"Mheshimiwa, naomba nisome," alisema, na akasoma kwa sauti kama ilivyoandikwa. "'Lisasi imepita kifua cha kushoto. Shati limeungua kwa baluti.'" Akatua. "Lisasi ndiyo nini, ndugu shahidi?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Kisha wengi. Karani wa mahakama, Msukuma mwenzake, ambaye nyumbani kwake labda alisema hivyohivyo, aliinamisha kichwa mabega yakimtikisika. Ndalahwa alisikia joto likimpanda shingoni. Miaka mitatu kwenye dawati la watoto. Mwalimu wake alikuwa akimwambia, mzee Ndalahwa, ulimi uende juu, ulimi uende juu.

Alikusudia kusema risasi, na mbele ya watu wote ikamtoka tena, "lisasi."

Hakimu aligonga meza. Aliomba karatasi, akaisoma peke yake, mara mbili. "Hii haina sahihi ya daktari."

"Haina, mheshimiwa."

"Wewe una taaluma gani?"

"Mimi ni mhudumu."

"Wa nini?"

"Wa maiti."

Hakimu aliivuta fulana karibu. Aliigeuza, akaingiza kidole chake katika tundu, kikatokea upande wa pili. Kisha akalitandaza shati kando yake, na watu wote wakaona, hata waliokuwa nyuma kabisa: tundu moja huku, tundu jingine kule. Hakimu aliondoa kidole. Akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, na Ndalahwa akamwona akimtupia jicho Chenge, mara moja, jicho la mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuingia.

"Kesi inaahirishwa," alisema.

Walimkamatia Ndalahwa kwenye ngazi za mahakama. Shati lilikuwa la sare. Kukaa nalo ilikuwa ni kuficha mali ya serikali. Alilala rumande siku kumi na moja. Alipotoka aliambiwa kwamba shati halionekani, na kwamba hospitali ina mtu mwingine. Tangu hapo alikwenda kupasua kokoto kwenye vilima vya Nyakato, akikaa juani na nyundo tangu asubuhi, vipande vya mawe vikimrukia usoni. Getruda alimletea uji saa sita. Hakumkumbusha lolote. Kila kesi ilipotajwa, Ndalahwa alivaa koti lake na kwenda. Iliahirishwa mwezi wa Machi, ikaahirishwa Mei, ikaahirishwa Juni. Mwezi ule wa Juni, Malimi alikuwa akikohoa ndani ya kitambaa na kukikunja haraka asionekane.

Mwezi wa Saba, Suzana alimtumia ujumbe. Kijiji kipya cha Isebanda kilikuwa kinazinduliwa, naye angependa baba aliyemwosha mwanawe awepo.

Alikwenda kwa basi hadi Misungwi, akamalizia kwa miguu. Nyumba zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara, nyingi zikiwa bado miti mitupu isiyokandikwa, na mbele ya kila moja palikuwa na jiwe lililopakwa chokaa na namba. Bomba la maji walilosubiri watu lilikuwa halijafika. Mfereji wake ulikuwa umechimbwa ukaishia njiani. Juu ya barabara walikuwa wamesimamisha kibao kikubwa: KIJIJI CHA UJAMAA MHOJA.

Mgeni rasmi alikuwa Chenge. Siku hizi alivaa suti ya Chou En-lai, ile ya viongozi, ya rangi ya udongo, kwani alikuwa amehamishwa kutoka kikosini kwenda katika uongozi wa wilaya. Alihutubia kwa sauti yake ileile ya chini, na kipaza sauti kiliifikisha hadi mashambani. Alisema juu ya kijana aliyetoa uhai wake ili wenzake waishi pamoja. Kisha akamwita mama mzazi wa shujaa aje apokee jembe na blanketi, na asalimie wananchi.

Suzana alipanda jukwaani. Alipokea jembe, akapokea blanketi, akaviweka chini. Katibu akamsogezea kipaza sauti mdomoni na kumnong'oneza kitu sikioni.

"Nawasalimu," Suzana alisema, na sauti yake ikapasuka kutoka kwenye mabomba mawili ya spika yaliyofungwa juu ya mti, ikamshtua hata mwenyewe. Aliwatazama watu wote waliosimama kwa mistari, wanaume kushoto, wanawake kulia. "Nataka kuita majina. Malimi. Malimi, baba yake mdogo Mhoja, yuko wapi?"

Hakuna aliyesogea.

"Nyumba yake ni namba ngapi? Mbona sijaiona? Nimepita jiwe kwa jiwe. Na wale watatu, jina la kwanza—"

Ndalahwa alimwona katibu akimtazama Chenge, na Chenge akimtazama fundi aliyekaa na betri chini ya jukwaa. Fundi alichomoa waya.

Suzana hakujua, au alijua na hakujali. Aliendelea kusema, amekaza macho mbele. Midomo yake ilitaja jina, ikasubiri jibu, ikataja jingine. Ndalahwa alianza kujipenyeza kati ya watu asogee karibu apate kusikia, lakini mgambo walikuwa wameshikana mikono mbele ya jukwaa na mmoja akamsukuma kifuani, bila hasira. Katibu alipiga makofi mara mbili kuashiria. Ngoma zikaanza, zile kubwa, na wacheza majembe wa Isebanda, ambao walikuwa wamefanyishwa mazoezi wiki nzima, wakaingia uwanjani wakirusha majembe hewani na kuyadaka, vumbi likipanda hadi magotini. Na walicheza vizuri, bila kukosea hata hatua moja, nyuso zao zote zikiwa zimegeukia kwenye jukwaa, kwenye ule mdomo uliokuwa bado unafunguka na kufungika.